Ukungu wa Meru katika Rangi za Mafuta: Kumbukumbu ya Mabadiliko Olasiti

Kuchora mandhari ya ukungu kwa rangi za mafuta ni kazi ya kuonyesha hewa kabla ya kuonyesha kitu kilichomo ndani ya hewa hiyo, na kwa sababu hiyo huwasumbua wanaoanza kuliko picha ya mlima ulio wazi, ambao mstari wake huweza kufuatwa kwa penseli. Rangi za mafuta zinazokusudiwa hapa ni zile ambazo unga wake umesagwa ndani ya mafuta ya kitani, yaani mafuta yanayokamuliwa kutoka kwenye mbegu za mmea huo, na ambazo hazikauki kwa kupoteza maji, kwa kuwa huganda polepole kwa kuvuta oksijeni iliyomo hewani. Katika kata ya Olasiti, upande wa magharibi wa jiji la Arusha, namna ya kuuchora ukungu imebadilika sana katika kipindi ambacho mwandishi wa kumbukumbu hii ameishi hapo, akajifunza uchoraji na baadaye kuwaelekeza wengine, na mabadiliko hayo hayawezi kuhesabiwa kuwa kazi ya mwalimu mmoja wala shule moja, kwa maana yaliletwa na aina ya rangi iliyokuwa ikipatikana, kisha na simu za mkononi, na mwishowe na nyumba.

Yafaa kwanza kueleza mahali penyewe. Olasiti iko kusini-magharibi mwa Mlima Meru, takriban kilomita 20 kutoka kileleni kwa mstari ulionyooka, na kwa kuwa kilele kina mita 4,562 juu ya usawa wa bahari ilhali ardhi ya Olasiti iko kwenye mwinuko wa mita 1,300 na ushei, kimo cha mlima machoni mwa mtu aliyesimama hapo hakizidi sana digrii 9, ambazo ni karibu sawa na ngumi moja ya mkono ulionyooshwa mbele ya uso. Kipimo hiki huwashangaza wengi, kwa sababu mlima unaokaa akilini mwa mkazi wa Arusha ni mkubwa mno, na anayeanza kuchora huupandisha hadi ukingo wa juu wa kitambaa na kuubana ubavuni mpaka unakuwa mwiba. Kreta ya Meru imebomoka upande wa mashariki, hivyo anayeutazama kutoka Olasiti haoni pengo hilo, bali huona umbo la pia lililo karibu kamili, lenye mabega mapana. Katika miezi ya Juni na Julai jua huchomoza karibu na bega la kulia la mlima, na asubuhi hizo, kama mawingu yataliruhusu jua lenyewe kuonekana, ubavu unaotazama Olasiti huwa kivulini mtupu, bila makorongo wala misitu kuonekana, jambo ambalo kwa mchoraji wa ukungu ni neema.

Ukungu wenyewe una chanzo kinachoeleweka. Upepo wa kusi huleta unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na unyevu huo unapofika kwenye miteremko ya kusini na kusini-mashariki ya Meru hulazimika kupanda, hupoa, kisha hugeuka kuwa matone madogo yanayoelea, ambayo aliye juu huyaita ukungu na aliye chini huyaita wingu. Wataalamu wa hali ya hewa huuhesabu kuwa ukungu mzito pale mtu asipoweza kuona kitu kilicho umbali wa kilomita moja, na zaidi ya hapo huuhesabu kuwa ukungu mwepesi. Kwa mchoraji, lililo muhimu zaidi ni kwamba matone hayo ni makubwa kuliko urefu wa mawimbi ya nuru, kwa hiyo hutawanya rangi zote kwa kiasi kinacholingana na kuupa ukungu rangi ya nuru inayoupitia, ilhali chembe za hewa kavu, zilizo ndogo mno, hutawanya bluu kuliko nyekundu na kuufanya mlima wa mbali uwe wa bluu. Ndiyo maana Meru ya siku kavu baada ya mvua huwa ya bluu, Meru ya Julai huwa ya kijivu, na Meru ya Septemba au Oktoba, vumbi la nyika ya Umasai likiwa limejaa hewani, huelekea ukahawia uliochanganyika na manjano.

Hata hivyo, kwa muda mrefu tofauti hizo hazikuonekana kwenye picha zilizokuwa zikitengenezwa Arusha. Katika kumbukumbu za mwandishi, Meru ya kwanza iliyochorwa ilikuwa ile ya mabango ya hoteli na ya maduka, yenye mstari mweusi kuuzunguka mlima na kipande cha nyeupe kileleni hata kama ilikuwa Februari, na baada yake ilifuata ile ya picha za tingatinga zilizouzwa kwa watalii. Mtindo huo ulioanzishwa Dar es Salaam karibu na mwaka 1968 na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, ulitumia vipande vya hadibodi vya mraba na rangi ya kung'aa ya kopo, ile iliyozoeleka kupakwa kwenye baiskeli. Rangi hiyo ina uzuri wake: huwa na uso mkali, hushika papo hapo, na humruhusu mchoraji kuweka twiga mwenye madoa safi juu ya uwanja wenye rangi iliyokolea. Lakini huanza kushika mapema, na ikishaanza kushika brashi huacha mikwaruzo badala ya kulainisha, kwa hiyo mpaka kati ya rangi mbili hubaki mpaka. Wachoraji walijua kuififisha rangi ya anga kwa kuigonga na kitambaa kabla haijashika, na machweo yaliyopatikana kwa njia hiyo yalipendeza, ila mlima ulikuja juu yake baadaye, ukiwa umekatwa vizuri pembeni. Ukungu ulipohitajika, uliwekwa mwisho kama utepe mweupe kiunoni mwa mlima.

Si haki kulilaumu kopo peke yake. Hata pale ambapo rangi za mafuta za wasanii zilipatikana, elimu ya uchoraji ya Afrika Mashariki haikuelekezwa kwenye hewa. Sam Joseph Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, alisoma Makerere chini ya Margaret Trowell, kisha akaendelea katika shule ya sanaa ya Slade mjini London, na alichora kwa mafuta maisha ya Uchagani: migomba, mashamba, watu wakifanya kazi kwa pamoja. Picha yake ya mwaka 1956 inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku ilinunuliwa mwaka 1960 na Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York. Trowell aliwahimiza wanafunzi wake wachore kutokana na kumbukumbu na masimulizi kuliko kutokana na kitu kilichowekwa mbele ya macho, na mandhari ya namna hiyo huwa na vitu vinavyojulikana, kila kimoja kikiwa kamili mahali pake, kwa sababu kumbukumbu huhifadhi mgomba lakini ni mara chache kuhifadhi kiasi cha hewa kilichokuwa kati ya mtazamaji na mgomba huo. Kwa maoni ya mwandishi, hiyo si kasoro ya Ntiro, ambaye alikuwa na jambo jingine la kusema, na mwenye kutafuta ukungu kwake anakwenda kwenye duka lisilouza bidhaa hiyo.

Kisha palikuwa na suala la upatikanaji. Mji mkubwa ulio karibu na Arusha kwa biashara ya vifaa vya namna hii ni Nairobi, umbali wa takriban kilomita 270 kupitia mpaka wa Namanga, na mpaka huo ulifungwa kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, kipindi ambacho fedha za kigeni zilikuwa adimu nchini hata kwa mahitaji yaliyo muhimu kuliko sanaa. Mtoto aliyekuwa na hamu ya kuchora katika miaka hiyo alikuwa na penseli na, kwa bahati, rangi za maji za shule. Hata baada ya biashara kulegezwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, aliyeomba rangi ya mafuta dukani alipewa, na hadi leo hupewa, kopo la rangi ya kung'aa ya milango na madirisha, kwa hiyo anayetaka ile ya wasanii hana budi kueleza kwamba anataka ya kwenye tyubu.

Badiliko lililofuata halikupitia dukani. Simu zenye intaneti zilipoenea na bei ya vifurushi kushuka, vijana wa Olasiti walianza kutazama vipindi vya Bob Ross, Mmarekani aliyefundisha uchoraji katika televisheni kati ya mwaka 1983 na 1994, vipindi 403 kwa jumla, kila kimoja kikimaliza picha nzima ndani ya nusu saa hivi. Ross aliwahi kuishi Alaska akiwa katika jeshi la anga, na milima yake ni ya huko, yenye theluji na misonobari iliyochongoka. Njia yake huitwa majimaji juu ya majimaji, maana yake rangi mbichi hupakwa juu ya rangi nyingine ambayo bado ni mbichi: kitambaa hutandazwa kwanza utando mwembamba wa nyeupe iliyolainishwa kwa mafuta, anga hupakwa juu yake, mlima huwekwa kwa kisu, kisha kitako cha mlima hugongwagongwa kwa brashi pana ya inchi 2 na kuvutwa juu kidogo, hadi rangi yake inayeyukia katika ile nyeupe ya chini na ukungu unatokea bila mtu kuuchora.

Tukio hilo dogo la brashi lilibadilisha mengi kuliko lilivyokusudiwa. Kwa mara ya kwanza aliyeanza alielewa kwamba ukungu ni sehemu ya mlima inayopotea, wala hauongezwi juu ya mlima uliokwisha kukamilika, na kwamba kupotea huko kunawezekana kwa sababu tu rangi haijakauka. Mwandishi, ambaye alikuwa amezoea kuuhesabu uchelewaji wa rangi za mafuta kuwa adha, alianza kuuona kuwa ndio kifaa chenyewe. Hasara yake nayo ilikuwepo. Olasiti ikapata picha nyingi za Meru zenye theluji ya kudumu, ambayo Meru haina, pamoja na misonobari ya Alaska iliyopandwa mahali pa mgrevilea na mgunga, na ziwa tulivu mbele, ilhali mbele ya mtazamaji wa Olasiti kuna mahindi, barabara ya Dodoma na, kwa upande mmoja, mashamba ya kahawa ya Burka. Wanunuzi wa nje hawakulalamika. Aliyelalamika zaidi, kadiri mwandishi anavyokumbuka, alikuwa mama mmoja muuza mboga aliyeitazama picha hiyo kwa utulivu na kumuuliza kijana wake ni mlima gani huo.

Kutokana na maswali ya namna hiyo ndipo mafundisho yakaanza kurudi kwenye mlima uliopo. Vifaa vilipunguzwa. Badala ya kanvasi ya kununuliwa, ambayo ni ghali, wengi hutumia kitambaa cha marekani, ile pamba nzito isiyopaushwa, kinachotandazwa juu ya fremu ya mbao na kukazwa kwa misumari midogo kuanzia katikati ya kila upande kuelekea pembeni. Kitambaa hicho hakipakwi rangi ya mafuta kikiwa kitupu, kwa kuwa mafuta ya kitani hula nyuzi za pamba kadiri miaka inavyopita, hivyo hupakwa kwanza tabaka mbili au tatu za rangi nyeupe ya maji iliyochanganywa na gundi ya mbao, na kila tabaka husuguliwa kwa msasa laini. Tyubu hutosha nne: nyeupe ya titani, bluu ya altramarini, oka ya njano, ambayo ni rangi ya udongo, na amba iliyochomwa, ambayo ni udongo mwingine wa kahawia iliyokoza. Nyeusi haihitajiki. Altramarini na amba zikikutana huzaa giza lililo hai zaidi kuliko nyeusi ya tyubu, na kijivu chake huweza kusukumwa upande wa ubaridi kwa kuzidisha bluu au upande wa joto kwa kuzidisha amba.

Hapa ndipo kiini cha kazi kilipo, na ndipo wengi hukwama. Aliyeanza huamini kwamba ukungu ni mweupe, kwa hiyo huchovya nyeupe. Lakini akiweka karatasi nyeupe mbele ya macho yake asubuhi ya Julai, na kuilinganisha na ukungu ulio nyuma yake, ataona kuwa karatasi ndiyo nyeupe na ukungu ni wa kijivu, mara nyingi wenye chembe ya manjano upande wa jua na ubluu hafifu upande wa pili. Kwa hiyo huandaliwa kwanza fungu moja kubwa la rangi ya ukungu, kubwa kuliko inavyoonekana kuhitajika, na kila kitu kilicho katika picha hupata sehemu ya fungu hilo: mlima huchukua sehemu nyingi mno, mstari wa miti ya mbali huchukua sehemu kiasi, na mgrevilea ulio karibu huchukua kidogo sana. Umbali, kwa namna hii, hupimwa kwa kiasi cha ukungu kilichoingia ndani ya rangi ya kitu, na kanuni hiyo, ambayo Leonardo da Vinci aliiandika kwa wachoraji wa Italia na ambayo wachoraji wa China waliifanyia kazi kwa wino karne nyingi kabla yake, hueleweka haraka zaidi kwa kuichanganya kibaoni kuliko kwa kuisoma.

La pili ni kingo, yaani mipaka ya maumbo. Katika ukungu wa Meru mpaka wa juu wa mlima mara nyingi huonekana wazi kuliko kitako chake, kwa kuwa ukungu mzito hulala chini, na mwanafunzi anayekaza mstari wa mlima pande zote huua picha. Brashi kavu na safi hupitishwa kwa wepesi kutoka kwenye mlima kuelekea chini, kisha hufutwa kwa kitambaa kila baada ya mipito michache, la sivyo husambaza tope. Mkono huu mwepesi haufundishiki kwa maneno. Wapo wanaoupata siku ya kwanza, na wapo wachoraji hodari wa tingatinga, wenye mkono thabiti wa kuvuta mstari mwembamba wa manyoya ya ndege, ambao huhangaika nao kwa muda mrefu kwa sababu kila walichojifunza kiliwafunza kukaza.

Kuhusu kukauka, ubaridi wa Olasiti una maoni yake. Tabaka jembamba lililoweza kuguswa baada ya siku chache katika joto la Februari huhitaji muda mrefu zaidi katika Juni na Julai, miezi ile ile ambayo ukungu huwa mwingi, na rangi zenyewe hazilingani: amba huwahi kushika kwa sababu ina manganizi inayoharakisha, ilhali nyeupe ya titani hujivuta. Wasio na subira huongeza mafuta ya taa, ambayo huacha utelezi na kuzuia rangi kushikana vizuri. Kilicho sahihi ni tapentaini, kimiminika kinachotokana na utomvu wa misonobari, kitumike kidogo katika tabaka za chini, na mafuta ya kitani yaongezwe kadiri tabaka zinavyopanda, kwa kuwa tabaka lenye mafuta mengi huendelea kusogea na kukaza kwa muda mrefu, na likiwekwa chini ya lile lililokwisha kukauka hupasua uso wa picha. Kwa wanaochora sebuleni, dirisha lifunguliwe, baridi isiwe kisingizio.

Wakati haya yote yakijifunzwa, mandhari yenyewe haikusubiri. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 617,631, na sehemu ya ongezeko hilo inaonekana kwa macho katika kata za pembezoni kama Olasiti, ambako viwanja vilivyokuwa vya mahindi vimekuwa vya nyumba na ambako barabara ya mzunguko imeleta malori na taa. Mahali ambapo picha za awali ziliweka shamba, halafu mstari wa migrevilea, halafu ukungu, halafu mlima, leo pana kuta za matofali, mapaa, matanki ya maji yaliyoinuliwa na nguzo za umeme. Baadhi ya wachoraji huziondoa. Hoja yao ni ya soko na pia ya mapenzi: mnunuzi anataka Meru na mgunga, na mchoraji mwenyewe anaikumbuka Olasiti ya mahindi, na kumbukumbu nayo ni haki yake, kama ilivyokuwa ya Ntiro. Wengine, na mwandishi yumo kati yao, huona kwamba ukungu hauwezi kuchorwa kwa uaminifu bila vitu vya kuupimia, na kwamba mapaa yaliyopangana kutoka karibu hadi mbali, kila moja likiwa na ukungu zaidi kuliko lililotangulia, humpa anayeanza ngazi iliyo bora kuliko shamba tambarare.

Mabati yana ugumu wake wa pekee, na kwa sababu hiyo siku hizi ndiyo huwekwa kuwa zoezi la kwanza. Bati jipya lililolowa asubuhi huakisi anga, hivyo mwanga wake hulingana karibu kabisa na wa ukungu ulio nyuma, na mstari wa paa hupotea mahali ambapo akili inasisitiza kwamba lazima uwepo, ilhali bati la jirani, lililoshika kutu, hubaki limekoza na kuonekana limesogea mbele. Mwanafunzi hupewa fungu moja la kijivu, kipande cha kitambaa kisichozidi sentimita 30, na mapaa mawili tu, na huambiwa asiuchore mlima mpaka aweze kuyaonyesha mapaa hayo bila kuvuta mstari kati ya la karibu na anga. Wengi huomba kuanza na mlima. Huruhusiwa, kwa sharti kwamba wabaki na fungu lile lile la kijivu.